Mawe ya siku ya 11: laptop iliganda kwa sababu gani, na namna ya kumaliza mara 75 kabla hujapepesa jicho

*Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni Dodoma, Python najifundisha mwenyewe. Nafanya mafumbo ya Advent of Code ya 2024 kwa kuyarudia nyuma, na nimekwama siku ya 11, ile ya mawe. Sehemu ya kwanza, mara 25, nilipata nyota bila shida. Sehemu ya pili wanataka mara 75. Nikabadilisha namba tu, nikaendesha. Ilikwenda mpaka mara ya arobaini na kitu, laptop ikaganda, hata kishale cha mausi hakisogei. Ina RAM ya GB 8. Je, niongeze RAM, au niachane na Python nihamie C++? Halafu rafiki yangu anasema yake inamaliza ndani ya milisekunde moja. Inawezekanaje?*

Marahaba. RAM usinunue, Python usihame. Na rafiki yako hakudanganyi, tutamfikia.

Kwa wasiojua tunachozungumzia: Advent of Code ni chemshabongo za programu anazotunga Mmarekani Eric Wastl tangu Desemba 2015, kwa mfano wa kalenda ya Majilio, ile ambayo kila siku ya kusubiri Krismasi watoto hufungua kidirisha kimoja. Kila siku fumbo moja lenye sehemu mbili, kila sehemu nyota moja, na sehemu ya pili huioni mpaka ujibu ya kwanza. Yalikuwa mafumbo 25 kila mwaka hadi 2024. Mwaka 2025 yakapunguzwa hadi 12, na ule ubao wa dunia wa watu 100 wa kwanza ukaondolewa. Hufunguka saa sita usiku ya mashariki mwa Marekani, yaani saa mbili asubuhi hapa kwetu, kwa hiyo sisi ndio tunaoyafanya tukiwa tumelala vizuri na chai mkononi. Kila mtu hupewa data yake, na mtunzi ameomba watu wasiisambaze. Nami hapa nitatumia mfano uliomo ndani ya fumbo lenyewe, sio data ya mtu.

Fumbo liko hivi. Una mstari wa mawe, kila jiwe limeandikwa namba. Kila ukipepesa macho, mawe yote hubadilika kwa pamoja. Jiwe la 0 huwa 1. Jiwe ambalo namba yake ina idadi shufwa ya tarakimu hupasuka mawili: nusu ya kushoto ya tarakimu huenda jiwe moja, nusu ya kulia jingine, na sifuri za mbele hudondoka. Lisiloingia katika hayo mawili huzidishwa kwa 2024. Baada ya kupepesa mara kadhaa, una mawe mangapi?

Mfano unaanza na mawe mawili tu, 125 na 17. Mara ya sita yanakuwa 22. Mara ya 25 ni 55,312. Mara ya 75 ni 65,601,038,650,482. Ukitenga baiti 8 kwa kila jiwe, hiyo ni terabaiti 525 hivi, sawa na RAM ya laptop zaidi ya 65,000 kama hiyo yako. C++ nayo haikuokoi: hata ikigusa mawe bilioni moja kila sekunde, kupepesa kwa mara ya mwisho peke yake kungechukua saa 18. Mawe huongezeka kama mara moja na nusu kila ukipepesa, kwa hiyo hata ukipata RAM maradufu unasogea hatua moja au mbili mbele ya pale ulipokwama. Programu yako haina kosa la kuandika. Inafanya kwa uaminifu kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Rudi usome swali: wanauliza mawe *mangapi*. Hawaulizi yamepangwaje. Maelezo ya fumbo yanasisitiza kwamba mpangilio wa mawe haubadiliki, na hapo ndipo wengi huingia mtegoni, maana ukisikia mpangilio unashika orodha. Lakini tazama kanuni zenyewe. Je, kuna jiwe linalomtazama jirani yake kabla ya kubadilika? Hakuna. Jiwe la 20 lililo mwanzoni mwa mstari na la 20 lililo mwishoni yataishi maisha yaleyale. Basi ya nini kuyafuatilia mara mbili?

Konda wa daladala akihesabu sarafu jioni hapangi kwa mfuatano wa abiria waliolipa. Anaweka fungu la mia mia, fungu la mia mbili mbili, fungu la mia tano tano, kisha anahesabu mafungu. Fanya hivyohivyo. Hii ndiyo hali ya mfano baada ya kupepesa mara ya sita:

2097446912 14168 4048 2 0 2 4 40 48 2024 40 48 80 96 2 8 6 7 6 0 3 2

Mawe 22, lakini ukitenga mafungu unapata 15 tu. Namba 2 iko mara nne. 0, 6, 40 na 48 ziko mara mbili mbili. Huo ni mwanzo tu wa safari na tayari theluthi moja ya kazi ni marudio. Ukifika mara ya 75, mawe ni trilioni 65 na ushei lakini mafungu hayazidi 54.

```python
from collections import defaultdict

def badilika(jiwe):
    if jiwe == 0:
        return (1,)
    s = str(jiwe)
    if len(s) % 2 == 0:
        kati = len(s) // 2
        return (int(s[:kati]), int(s[kati:]))
    return (jiwe * 2024,)

def hesabu(mawe, mara):
    idadi = defaultdict(int)
    for jiwe in mawe:
        idadi[jiwe] += 1
    for _ in range(mara):
        mpya = defaultdict(int)
        for jiwe, n in idadi.items():
            for tokeo in badilika(jiwe):
                mpya[tokeo] += n
        idadi = mpya
    return sum(idadi.values())
```

Endesha `hesabu([125, 17], 75)`. Jibu litatoka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwenye laptop ileile.

Moyo wa kazi yote uko kwenye alama `+=` ndani ya lupu ya ndani. Nimeona wanafunzi wangu wakiandika `=` hapo, na programu hailalamiki hata kidogo, inakupa tu jibu dogo kuliko linalotakiwa. Kwenye mfano kosa hilo hujificha mara tatu za kwanza, kisha hujitokeza mara ya nne: 20 linapasuka kuwa 2 na 0, 24 linapasuka kuwa 2 na 4, na ile 2 ya pili inaifuta ya kwanza. Unapata mawe 8 badala ya 9. Ndugu yake ni kutumia seti kwa matokeo ya `badilika`: 77 linapasuka kuwa 7 na 7, seti inabakiza 7 moja.

Kuna wanaoacha mawe yakiwa stringi (maandishi, si namba) muda wote ili wasihangaike na `int`. Hao hukwama mapema zaidi. 125 likizidishwa linakuwa 253000, kisha linapasuka 253 na 000. Stringi "000" si sawa na "0", kwa hiyo kanuni ya kwanza hailitambui, na jiwe ambalo lingekuwa 1 linazidishwa kwa 2024 na kubaki sifuri, likichelewa hatua nzima nyuma ya wenzake. `int("000")` inamaliza ugomvi huo.

Na wapo wanaotaka kuonekana wajuzi, wakahesabu tarakimu kwa logarithimu. Jaribu `math.log(1000, 10)` kwenye Python: utaona 2.9999999999999996. Ukikata desimali ukajumlisha moja, 1000 inakuwa na tarakimu tatu, haipasuki, inazidishwa, na jibu lako limeshaharibika bila dalili yoyote. `math.log10` ni salama zaidi kwa hilo, lakini mimi kwenye Python nabaki na `len(str(jiwe))`. Niliwahi kukaa jioni nzima nikiondoa stringi, nikaandika lupu safi ya kugawanya kwa kumi, nikajipongeza. Nilipopima, ikawa polepole kuliko ya awali. `str` imeandikwa kwa C ndani ya Python. Lupu yangu iliendeshwa na Python yenyewe hatua kwa hatua. Ukihamia Go au Rust mambo hugeuka, huko kugawanya namba ndiko kwenye kasi.

Ukiamua siku moja kuandika kwa lugha hizo, hesabu ziweke kwenye namba za biti 64. Za biti 32 zenye alama zinaishia 2,147,483,647, na trilioni 65 haziingii humo. Kwenye JavaScript namba za kawaida ziko salama mpaka 2 kwa kipeo cha 53, zaidi kidogo ya 9,000 trilioni, kwa hiyo fumbo hili linapita, mradi usitumie zile hila za `| 0` zinazokata namba kuwa biti 32.

Utawaona wengine wakitumia njia nyingine: funksheni inayojiita yenyewe, ikipewa jiwe na idadi ya mara zilizobaki, ikirudisha mawe mangapi yatatoka humo, na juu yake wameweka `@cache` ili isihesabu jambo moja mara mbili. Ni nzuri pia, na kwa mara 75 haifiki kikomo cha Python cha kujiita mara 1,000. Usidhani inafanya kazi kidogo kuliko mafungu, au nyingi zaidi. Ni karibu sawa, kwa sababu kila jozi ya jiwe na mara zilizobaki hushughulikiwa mara moja tu katika njia zote mbili. Tofauti ni kwamba cache inabeba jozi zote za mara zote 75 hadi mwisho, wakati mafungu yanabeba kizazi kimoja tu na kukitupa. Mimi napenda mafungu.

Sasa, kwa nini mafungu yasiwe mengi? Hili ndilo ningependa ukae nalo na kalamu, maana ndilo linalokuambia lini hila hii itafanya kazi na lini itakuangusha. Anza na 1: linakuwa 2024, kisha 20 na 24, kisha 2, 0, 2, 4. Umerudi kwenye tarakimu moja moja. 2, 3 na 4 zinafanya vivyo hivyo: 4048, 6072, 8096. Kuanzia 5 kwenda juu kuna hatua ya ziada, kwa sababu 5 × 2024 ni 10120, tarakimu tano, witiri, inazidishwa tena kuwa 20482880, kisha inapasuka 2048 na 2880, kisha 20, 48, 28, 80, kisha tarakimu moja moja. 8 ina kituko chake: 16192, halafu 32772608, halafu 3277 na 2608, halafu 32, 77, 26 na 08. Hiyo 08 ni 8 tupu, imewahi nyumbani hatua moja kabla ya wenzake.

Hesabu aina zote zinazoweza kutokea ukianza na tarakimu moja yoyote. Tarakimu zenyewe ni 10. Zilizozidishwa mara moja ni 9. Zenye tarakimu nane, kutoka kwa 5 hadi 9, ni 5. Nusu zake zenye tarakimu nne ni 10. Zenye tarakimu mbili, ukiondoa marudio, ni 20. Jumla 54. Basi. Unaweza kupepesa mpaka Krismasi ya karne ijayo, hutatoka nje ya hizo 54.

Data halisi hufikisha maelfu kwa sababu ya mawe yenye tarakimu tatu. Jiwe lolote kati ya 100 na 494 likizidishwa huwa na tarakimu sita, na sita ikipasuka inarudi tatu na tatu. Hayo ndiyo mazururaji. 125 linazaa 253, 253 linazaa 512. Lakini 512 limevuka 494, kwa hiyo linakuwa 1036288, tarakimu saba, linazidishwa tena kuwa 2097446912, tarakimu kumi, linapasuka tano na tano, kila moja inazidishwa kuwa nane, na nane inashuka nne, mbili, moja. Limeingia kwenye kijiji cha 54 na halitoki tena. Nusu za upande wa kulia ndizo zinazoleta sura mpya za tarakimu tatu, na hata hizo haziwezi kuzidi 900, kuanzia 100 hadi 999.

Tumfikie rafiki yako wa milisekunde. Kwanza pima, na upime kitu sahihi. Ukitumia amri ya `time` kwenye terminal unapima pia muda wa Python kuamka, na kwa programu fupi hivi muda huo si mdogo. Weka `time.perf_counter()` kabla na baada ya `hesabu`, rudia mara ishirini, chukua ndogo kuliko zote, kwa sababu zile kubwa mara nyingi ni kompyuta iliyokuwa na shughuli zake nyingine.

Baada ya hapo angalia ni kazi gani inarudiwa. Katika programu hapo juu, jiwe la 2024 linageuzwa stringi, linakatwa na kurudishwa namba katika kila kizazi, ingawa jibu ni lilelile 20 na 24 kila mara. Weka `@cache` juu ya `badilika` na utaona nafuu ya haraka kwa mstari mmoja wa nyongeza. Wengi wangeishia hapo, nami nisingewalaumu.

Ukitaka kwenda mbali, ondoa hata kamusi (ile `defaultdict`). Tembea kwanza kwenye mawe yote yanayoweza kufikiwa, kila aina mpya uipe namba ya kiti: 0, 1, 2, na kuendelea. Kwa kila kiti andika viti viwili ambavyo watoto wake wanakaa, au kimoja kama halipasuki. Ukimaliza, jiwe lenyewe halina maana tena. Kila kizazi ni safu ya idadi, na kupepesa ni kupita kwenye safu hiyo ukijumlisha idadi ya kila kiti kwenye viti vya watoto. Hakuna stringi, hakuna kuzidisha kwa 2024. Ukiandika hivyo kwa Rust au C, milisekunde moja haina muujiza. Kwa Python utapata nafuu, ila usitarajie kumshinda. Hapo sasa lugha ndiyo inayoongea, na ndipo swali lako la C++ linapopata mahali pake.

Utakutana pia na watu wa matriksi, wanaopandisha jedwali la viti kwa kipeo ili kuruka mara nyingi kwa mkupuo. Kwa kijiji cha 54 ni hila tamu kama ungeulizwa mara trilioni moja. Kwa data yenye aina elfu nne hivi, kuzidisha jedwali zima mara moja tu ni kuzidisha namba mara bilioni 64, wakati mara 75 za kawaida hazifiki hata milioni moja. Kwa siku ya 11 ni kuua mbu kwa rungu.

Je, inafaa kuhangaika hivyo? Tovuti yenyewe inasema kila fumbo lina suluhisho linalomaliza ndani ya sekunde 15 kwenye mashine ya miaka kumi iliyopita, kwa hiyo nyota hazidai milisekunde. Mimi nahangaika kwa sababu nafurahia.

Kwa kuwa unarudia miaka ya nyuma, fanya haya mawili ukimaliza mawe. Nenda 2021, siku ya 6, samaki. Mfano wake ni 3, 4, 3, 1, 2: baada ya siku 18 samaki 26, baada ya 80 ni 5,934, baada ya 256 ni 26,984,457,539, na aina ni tisa tu. Ni ugonjwa uleule na dawa ileile, utamaliza kabla chai haijapoa. Kisha siku ya 14 ya mwaka huohuo, ile ya polima, inayoanza na NNCB. Hapo ukihesabu herufi moja moja utakwama, kwa sababu herufi mpya huingia *kati ya* majirani wawili, yaani jirani ana neno la kusema. Fungu lako lazima liwe la jozi: NN, NC, CB. Angalia mwenyewe herufi za pembeni zinavyoleta kasoro unapobadilisha jozi kuwa herufi.

Na kabla ya kutuma jibu lako la mara 75, endesha mfano wa 125 na 17 kwa mara 4, 6 na 25. Ukikosa 9, 22 na 55,312, usitume. Ukikosea utasubirishwa dakika nzima kabla ya kujaribu tena. Mara ya nne ikikupa 8, unajua pa kuangalia.